Kamba ya Kabati

Chumba ninachopanga kiko Msalato, Dodoma, kwenye nyumba ambayo mwenyewe aliianza akiwa na uwezo na kuimaliza akiwa hana. Ukiingia unapokelewa na dari zuri la jipsamu lenye taa zilizozama ndani, halafu ukishusha macho unakuta saruji tupu na kuta ambazo hazikuelewana. Ukuta wa upande wa kitanda ni mrefu juu kuliko chini. Sikulijua jambo hilo muda wote nilioishi humo peke yangu, na laiti ningeendelea kutolijua.

Nguo zangu zilikaa kwenye begi la chuo, nyingine kwenye kamba niliyoifunga kutoka msumari hadi msumari. Nilikuwa na sababu. Kazi yangu ni ya mikataba mifupi mifupi, na nilishajiaminisha kwamba siku nitakayonunua kitu nisichoweza kukibeba mwenyewe, kesho yake nitaitwa ofisini na kushukuriwa kwa ushirikiano wangu. Ndoo, jiko la gesi, godoro, kitanda cha kufungua kwa spana: hapo ndipo nilipokomea. Kabati la nguo lilikuwa la watu wanaojua mwakani watakuwa wapi.

Kisha bibi akaja.

Ni mama wa mama yangu, na ndiye aliyenilea kule Gulwe, Mpwapwa. Alikuwa na uvimbe tumboni. Aliuficha chini ya kanga mpaka kanga zikashindwa, ndipo jirani yake akanipigia simu. Hospitalini mjini daktari aliutazama kwenye mashine akasema lazima utolewe, ila damu ya bibi ilikuwa kidogo. Akae kwangu kwanza, ale vizuri, damu ipande, kisha arudi siku aliyopangiwa. Bibi alipotoka kwenda msalani, daktari akanigeukia, akashusha sauti.

"Asirudi kijijini kabla ya kupasuliwa. Akiupa msimu mwingine wa mvua, sitaki kukudanganya."

Bibi aliporudi akaulizwa kama amekubali.

"Kateni," alisema. "Lakini mkate huo tu. Vingine bado navitumia."

Daktari alicheka. Mimi sikuweza.

Bibi huniita mke mwenza, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu zao wa kike, kwa sababu babu alipokuwa hai mimi nilikuwa mchumba wake. Jioni aliyoingia chumbani kwangu alizungusha macho, akaona nguo zangu kwenye kamba.

"Mke mwenzangu, mume wetu hakusoma hata darasa moja, na alituachia nyumba ya vyumba vitatu. Wewe una digrii, unaanika magauni ndani kama mlenda."

Mizigo yake ilikuwa gunia dogo la unga wa uwele lililofungwa kwa kamba ya katani, karanga, chungu, na mfuko wa kitambaa ambao hakuniruhusu niufungue. Chumba kikajaa. Yeye alilala kitandani, mimi kwenye godoro la kuazima chini, na kila nilipoinuka niligonga kitu chake. Usiku nilisikiliza anavyopumua. Nilijifunza kutofautisha pumzi za kawaida na pumzi za kugeuka, na palipokuwa kimya sana nilikohoa makusudi ili akohoe naye.

Wazo la kabati lilianzia hapo. Mjini kuna duka linalouza makabati ya vipande. Unanunua kipande cha milango miwili, na ukitaka unaongeza cha mlango mmoja, au kingine cha miwili, vinaunganishwa kwa boliti. Niliona picha zake kwenye simu nikapenda, kwa sababu linaweza kufunguliwa na kuhamishwa. Kisha nikaanza kufikiri, na nikianza kufikiri huwa sifiki mahali pazuri. Kabati la milango miwili ni la mtu mmoja. La mitatu au minne ni la watu wawili. Nikinunua la mtu mmoja wakati bibi anangojea kupasuliwa, si ni kama nimeshaamua kwamba hatarudi? Nikinunua la watu wawili na asirudi, nitakuwa naamka kila asubuhi nikitazama upande mtupu. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kazini. Nikajiambia kwanza nipime, pengine chumba chenyewe kitaniamulia.

Nikapakua programu ya kupimia kwenye simu. Ikasema ukuta una mita mbili na nusu. Nikarudia, ikasema mita tatu na kidogo. Mara ya tatu ikalalamika kwamba mwanga hautoshi. Nikamwendea mama mwenye nyumba, mjane aliyetokea Haneti, anayeishi upande wa mbele. Akanipa tepu ya chuma ya marehemu mumewe. Ilikuwa imekatika mwanzoni. Ilibidi katika kila kipimo nitoe kile kipande kilichokosekana, nami sikuamini tena jibu lolote nililolipata. Basi siku ya Jumamosi mchana, bibi akiwa amejilaza, nikachukua kamba ya katani iliyofunga gunia lake. Kamba haina namba za kukosea.

Nikaibana kwenye kona, nikaivuta hadi kona ya pili, nikafunga fundo. Hilo lilikuwa la ukuta. Nikafungua mlango wa chumba hadi mwisho, nikapima unapofika, nikafunga fundo la pili. Likabaki la kitanda, kwa kuwa kitanda kingelazimika kusogea na sikujua kama kingeenea upande wa pili. Bibi alikuwa chali, mikono juu ya tumbo, macho yamefumba. Nikapiga magoti. Nikaianzia kamba kichwani pake, nikaipitisha ubavuni mwake taratibu nisimwamshe, nikaifikisha miguuni, nikafunga fundo la tatu. Kisha nikaitundika kwenye msumari juu ya kitanda nisije nikaipoteza.

Jioni ile bibi hakula.

"Sina njaa, mke mwenzangu."

Nilikuwa nimepika maini na matembele, vyakula vya damu. Siku iliyofuata akanywa maji tu na chai ya rangi. Nikamuuliza kama tumbo linauma, akasema haliumi. Nikamuuliza kama anataka mlenda, akasema mlenda wa mjini una haraka. Kwa kawaida angeongeza neno la pili la kunichokoza, lakini alikaa kitandani ameegemea ukuta, akinitazama ninavyokwenda na kurudi, kama mtu anayengoja aambiwe kitu. Mimi nikahesabu kila kitu kuwa uvimbe. Umekua, unabana tumbo. Damu itashuka, watakataa kumpasua, atarudi Gulwe, mvua zitanyesha. Nilifika hadi kwenye mvua nikiwa bado nimeshika sahani.

Jumatatu nilitoka kazini mapema nikaenda dukani na kamba kwenye mkoba. Mwenye duka ni Mhindi mzaliwa wa Dodoma, anayezungumza Kiswahili cha haraka kuliko changu, na siku hiyo alikuwa na wateja.

"Karibu dada. Kabati? Vipimo umeleta?"

Nikaitoa kamba nikaiweka mezani.

"Dada, umekuja kununua kabati au mbuzi?"

Wateja wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa heshima, na kumweleza: fundo hili ukuta, fundo hili mlango wa chumba.

"Na hili la mwisho?"

"Kitanda. Bibi yangu ndiye anayelala hapo. Nataka kujua kama kitaenea upande wa pili."

"Tuone." Akaishika kamba kwenye fundo la tatu kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono mwingine, akainyoosha juu ya meza pole pole, ameinamisha kichwa.

Mikono ile ndiyo iliyonirudisha utotoni. Nilikuwa msichana mdogo nimejibanza nyuma ya pazia, na mzee mmoja wa kijijini alikuwa ameinama hivyo hivyo juu ya babu. Kwetu marehemu hapimwi kwa tepu. Anaingia mzee na kamba, anainyoosha kutoka utosini hadi kisiginoni, anafunga fundo, na wachimbaji wanaondoka nayo kwenda kuchimba. Kamba hiyo hairudi nyumbani. Inashuka kaburini na mwenyewe. Kamba iliyompima babu ilikuwa ya katani, ya gunia, na aliyeitoa ndani na kumkabidhi yule mzee alikuwa bibi.

"Dada? Unaumwa?"

Nikamnyang'anya kamba. Nadhani nilisema nitarudi. Kwenye bodaboda nilijaribu kukumbuka kama macho ya bibi yalikuwa yamefumba kabisa au nusu, na kadiri nilivyokumbuka ndivyo yalivyozidi kufunguka. Na kamba nilikuwa nimeitundika juu ya kichwa chake! Alikuwa ameiangalia tangu Jumamosi. Alifumbua macho akaikuta, akayafumba akijua ipo.

Mama mwenye nyumba alikuwa getini na ufagio mkononi.

"We msomi, njoo hapa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmegombana na bibi yako?"

"Hapana."

"Basi kuna kitu. Kaniuliza magari ya Mpwapwa yanaondokea wapi. Nikamwambia subiri mjukuu arudi, akasema mjukuu kashamaliza kazi yake. Nimempelekea uji, mpaka sasa unapoa. Mzigo kafunga."

Nilisimama nje ya mlango wangu mwenyewe kama mgeni. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa kanga ya safari na viatu. Gunia lilikuwa limefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Mfuko wa kitambaa, ule alionikataza, ulikuwa wazi magotini pake, na ndani niliona shuka jeupe na doti ya kanga mpya, bado ina karatasi ya kiwandani. Sikuhitaji kuuliza ni za nini. Wanawake wazee wa kwetu huziweka tayari kwa maziko yao. Alikuwa amekuja nazo tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Imerudi?"

"Nini?"

"Kamba."

Nikaitoa kwenye mkoba. Hakunyoosha mkono kuipokea.

"Ulinipima," alisema.

"Nilipima kitanda, bibi."

"Kitanda kikiwa na mtu."

"Nilidhani umelala."

"Ndiyo. Wanaopimwa huwa wamelala."

Nikakaa chini. Bibi hakuwa na hasira. Ningependelea hasira.

"Nilikuona unafunga fundo," akaendelea. "Nikajisemea, basi yule daktari kamwambia mjukuu wangu jambo, mimi sijaambiwa. Nikangoja uniambie. Ukaniletea maini. Sasa kama ni kufa, mimi nitakufia kwangu, niwekwe karibu na mume wetu. Sitaki kupakiwa kwenye gari kama mzigo, watu wanauliza unashuka wapi."

Kilichonitisha ni kwamba hakuwa amekosea kabisa. Daktari alikuwa ameniambia jambo. Tangu siku ile nilikuwa nimelikalia, nikijiambia namkinga, na uoga wangu alikuwa ameuona usoni kila siku bila kujua ni wa nini. Nikamweleza neno kwa neno: kwamba asirudi kijijini kabla ya kupasuliwa, kwamba mvua nyingine ni hatari.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Hakusema nitafia mezani?"

"Hakusema, bibi. Alisema ukiondoka ndiyo hatari."

Nje mama mwenye nyumba alikuwa anafagia sehemu moja tu, ile iliyo karibu na dirisha letu.

"Na kamba?"

Nikainuka. Nikaibana kamba kwenye kona, nikaivuta hadi kona ya pili, nikamwonyesha fundo la kwanza lilivyogusa. Nikafungua mlango, nikamwonyesha la pili. La tatu nililionyesha kwa mbali, sikuthubutu kuinyoosha tena karibu na kitanda.

"Ni kabati bibi. Nataka kununua kabati."

"La kulala?"

"La nguo. Linasimama. Lina milango."

"Milango mingapi?"

"Sijajua."

"Hujui vipi, na ukuta umeshaupima?"

Nilitaka kumweleza habari ya boliti na vipande. Badala yake nikasema lile lililokuwa limenikaa kooni. "Sijui ninunue la mtu mmoja au la watu wawili."

Bibi akavua viatu, kimoja kwa kisigino cha kingine, akasimama kwa kushikilia ukuta.

"Lete hiyo kamba. Simama hapo. Nyooka, usiwe kama mwenye mimba."

Nikasimama. Akaweka ncha ya kamba utosini kwangu, mkono wake ukinukia mafuta ya nazi, akaishusha mgongoni mwangu. Kuinama hakuweza kwa sababu ya tumbo, akaniambia niikanyage mwenyewe kwa kisigino. Kisha akaivuta na kufunga fundo la nne, akalikaza kwa meno.

"Ile kamba ya wafu inapima mtu mmoja, inazikwa naye," alisema. "Hii sasa imenipima mimi, ikakupima wewe, ukuta na mlango. Atazikwa nayo nani? Mlango?"

Nje ufagio ulisimama, na nikasikia mama mwenye nyumba akicheka. Mimi nilishaanza kufikiri kwamba sasa nami nimepimwa, na kwamba kama bibi amekosea kuhusu kamba basi tumo wawili. Sijamwambia mpaka leo kwamba nilifikiri hivyo. Yeye alikuwa ameshakaa, akauvuta uji uliopoa na kuutazama.

"Nunua la watu wawili. Mke mdogo hawezi kuwa na kabati, mke mkubwa anakaa na gunia. Na upande wangu uwe na ufunguo."

Akanywa uji wote. Nilihesabu kila funda alilomeza, kisha nikajizuia.

Nilichukua la milango mitatu. La minne lingezuia mlango wa chumba usifunguke hata nusu, na hilo fundo la pili lilisema wazi. Nilichosahau kupima, baada ya wasiwasi wote ule, ni milango ya kabati lenyewe. Lilipounganishwa tukagundua kwamba mlango wa upande wa bibi unafunguka tu mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Nilikaribia kulia. Bibi alifunga mlango wa chumba, akafungua wa kabati, akaingiza kichwa kunusa mbao.

"Vizuri," sauti yake ilitoka ndani. "Wageni hawataona nilichonacho."

Juu kulikuwa na rafu, ila aliitaka ya chini kabisa, ya kufikia akiwa ameketi kitandani. Akaweka kanga zake mbili za kuvaa, chungu, karanga. Mwisho akauweka mfuko wa kitambaa wenye shuka jeupe, akausukuma hadi nyuma, akafunga mlango, kisha akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga aliyokuwa amevaa.

"Huendi nao hospitali?" nilimuuliza. Nilijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza habari ya mswaki.

"Wa nini? Nguo zangu ziko kabatini. Nikizihitaji nitakuja mwenyewe kuzichukua."

Asubuhi ya kupasuliwa muuguzi alimvua kila kitu na kunikabidhi kanga yake imekunjwa. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiipapasa mpaka nikalipata lile pindo lenye ufunguo, nikalifumbata. Watu walipita na vitanda vya magurudumu. Kila mlango uliofunguka nilisimama, kisha nikakaa. Mama mmoja kando yangu alinipa nusu ya chungwa, nikalishika mpaka likanichuruzikia mkononi. Nilikuwa nimekwisha kupanga nani nimpigie kwanza, maneno gani nitumie, gari gani lingekubali kwenda hadi Gulwe, na katikati ya mipango hiyo nikagundua kwamba gari nililolifikiria ni lile lile alilosema hataki kupakiwa. Nikaifuta yote kichwani. Nikaanza upya, nikapanga mlo wa kesho.

Daktari alitoka na kofia yake ya kijani mkononi. Alisema wameutoa mzima mzima na kwamba kwa macho yake hakuona ubaya, ila kipande kitapelekwa kuchunguzwa. Nilisikia kila neno, lakini lililobaki ni lile la mwisho, kuchunguzwa, na nililibeba hadi majibu yalipokuja safi.

Bibi alizinduka jioni, midomo mikavu. Nikainama nimsikie.

"Ufunguo?"

Nikamfungulia ngumi nikamwonyesha pindo. Akalitazama, akafumba macho. Safari hii niliangalia kifua chake kikipanda na kushuka kabla ya kukaa.

Muuguzi akaja kunieleza namna ya kumtunza. Asibebe kitu, asikohoe kwa nguvu, na kwa majuma kadhaa asiiname kabisa. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Kisha nikaikumbuka rafu yake, ile ya chini kabisa, ambayo hata akiketi lazima ainame kuifikia, na mlango usiofunguka mpaka mwingine ufungwe kwanza. Nikaketi kando ya kitanda chake nikaanza kupima kwa shubiri juu ya shuka, kutoka usawa wa mkono wake kwenda juu, kuona ni rafu ipi angeweza kuifikia akiwa amesimama wima.

"Acha kunipima," alisema bibi bila kufumbua macho.